Asubuhi Walipoondoka Madaktari

Nilipopunguzwa kazini nilirudi kwa mama Temeke na begi la nguo, cheti cha uhazili na hasira. Shirika lililoniajiri lilikuwa la umma, likauzwa, na aliyelinunua alikuja na kompyuta zake na msichana wake wa kuzitumia. Miaka ile tulikuwa wengi. Ukimwona mtu mzima amekaa barazani saa nne asubuhi, kavaa shati la kazini lililopigwa pasi, humuulizi kitu. Mimi walinifariji kwamba nina Kiingereza, na Kiingereza hakiozi, nitapata tu pengine. Nilichokipata kilikuwa kazi ya kujitolea, na niliitaka kwa sababu moja tu.

Sababu hiyo ilikuwa mguu wa mdogo wangu. Alikuwa kuli wa mitumba. Biashara ilikuwa imefunguliwa, makontena yanaingia bandarini kila kukicha, na vijana wa mtaani kwetu walikuwa wakishusha marobota ya nguo yaliyokazwa kwa mikanda ya chuma. Robota moja lilimponyoka mwenzake juu ya lori likamwangukia mdogo wangu chini ya goti, mguu wa kulia. Mfupa ulitoboa ngozi. Ukaunga upande, halafu ukaanza kutoa usaha. Kidonda kilikuwa kinafunga, tunashukuru, kisha kinafumuka. Hospitali kubwa walishasema neno moja tu, kukata. Mama alimchukua siku hiyo hiyo akamrudisha nyumbani, akasema mguu wa mwanawe haukatwi yeye akiwa hai.

Baba alikuwa amekwisha kufa. Mimi sina kazi. Chakula chetu kilikuwa kimesimama juu ya mguu ule, na mdogo wangu alijua, ndiyo maana alikuwa hasemi sana.

Basi ndipo tukasikia habari za madaktari. Mzee mmoja wa Kihindi, Mshia, muuza mabati na nondo, alikuwa akiwaleta yeye na wenzake wa jumuiya yao. Walishazoea kuleta wa macho, na mwaka ule wakaleta wa mifupa, Wazungu watupu, wanaokuja kwa nauli zao na kuondoka baada ya wiki mbili. Walipewa wodi katika hospitali ndogo ya hisani huku huku Temeke. Ikatangazwa misikitini na makanisani kwamba wenye viungo vilivyoharibika waje, na wenye kujua Kiingereza waje wasaidie kutafsiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa mtu wa kwanza kufika getini, nimevaa sketi yangu ya ofisini.

Lazima nieleze mama yangu alikuwa mtu wa namna gani, maana bila yeye habari hii haieleweki. Mama alikuwa na ugonjwa wa usafi. Sufuria zake ukizitazama unajiona. Alikuwa mtu wa pwani hasa, kazaliwa mjini na mama yake kazaliwa mjini, na kwake mtu kunuka ilikuwa aibu kubwa kuliko mtu kuiba. Tangu kidonda kile kilipoanza kutoa harufu, alikuwa hakosi kuwasha chetezo. Makaa mawili, kipande cha udi, anafukiza chumba, anafukiza shuka, anamfukizia mgonjwa kikoi chake kabla hajakivaa. Watu walikuja kumjulia hali mdogo wangu na hakuna aliyewahi kugusa pua yake. Mama alikuwa akiwasindikiza hadi nje, kisha anarudi ndani anakaa kitandani na kulia kimya kimya. Halafu anaosha tena bandeji.

Ile harufu alikaa nayo muda mrefu mno. Nadhani mwishowe aliichukulia kama kikohozi cha mzee, kitu cha nyumbani ambacho mgeni hapaswi kukisikia.

Mkuu wa madaktari alikuwa mzee mrefu mwenye mvi na mgongo uliopinda kidogo. Siku ya kwanza nilicheka nilipomwona anavyofanya kazi. Alikuwa anapita kitanda hadi kitanda, na kila alipofika kwa mtu aliyefungwa hogo, ile plasta ngumu, aliinama akaiweka pua yake karibu kabisa akanusa, kama mama wa nyumbani anayenunua samaki Feri. Manesi walitazamana. Akaniambia niwaeleze kwamba plasta haifunguliwi ovyo, ukiifungua unaingiza vumbi na nzi na mfupa unacheza, kwa hiyo kwanza ni pua, kisha homa, na macho baadaye kabisa. Bandeji nyeupe inaweza kuyadanganya macho, alisema, lakini harufu haidanganyi. Nikaitafsiri hiyo vizuri, neno kwa neno, na manesi wakaitikia.

Mdogo wangu alipasuliwa siku za mwanzo. Walimkwangua mfupa, wakatoa kipande kilichokufa, wakaunyoosha ule uliobaki, wakamfunga hogo kuanzia paja hadi vidoleni. Daktari alitoka akaniita mimi na mama. Akasema mguu ule anautarajia kupona, na mgonjwa atatembea. Hofu yake ni moja, usaha usirudi kabla mfupa haujashika. Ukianza kuoza tena ndani ya plasta, ifunguliwe siku ile ile, kwa sababu ukichelewa hakuna tena mguu, na huenda hakuna tena mtu. Nilimwambia mama yote hayo. Mama alisikiliza ameshika mikono yake pamoja, akasema kasikia, akamwombea daktari umri mrefu. Daktari akaniuliza anasemaje, nikamwambia, akaona haya.

Zile wiki mbili nilifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya nilipokuwa nalipwa. Nilitafsiri vilio. Nilimtafsiria mama mmoja wa Kinyerezi aliyembeba mwanawe mgongoni njia nzima, na kumbe mwana mwenyewe ni mtu mzima mwenye ndevu. Nilimwambia baba mmoja kwamba mkono wake umechelewa, nikamtazama akivaa shati lake pole pole, akashukuru. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kumtazama mdogo wangu. Alikuwa anakula. Alianza hata kunitania kwamba nimekuwa Mzungu, natembea kwa haraka kama nachelewa ndege.

Asubuhi ya mwisho nilipelekwa upande wa wagonjwa wa nje, kuwafundisha watu kutumia magongo na kuwaeleza lini warudi. Kwa hiyo yaliyotokea wodini sikuyaona, nimesimuliwa na nesi aliyekuwa zamu, na baadaye na mdogo wangu mwenyewe.

Wageni walikuwa wanaaga. Kwetu mgeni akiaga haondoki hivi hivi. Ndugu wa wagonjwa walikuja wamejipamba, khanga mpya, kanzu, mikungu ya ndizi ya kuwapa. Mama alifika mara baada ya sala ya alfajiri na kapu lake, na ndani ya kapu mlikuwa na taulo, kikoi kipya, chupa ya marashi na chetezo. Alimkanda mdogo wangu maji ya baridi mwili mzima, taratibu, hadi mwili ukapoa. Akambadilisha shuka. Akakifukiza kikoi, akafukiza mito, kisha akakipitisha chetezo chini ya kitanda, huku na huku, muda mrefu, pale hasa ulipolala mguu. Akanyunyiza marashi juu ya plasta yenyewe. Nesi hakuona ubaya. Alifurahi wodi imenukia, na akaomba chetezo kipitishwe na vitanda vya jirani.

Mdogo wangu mguu ulikuwa umemuuma tangu siku iliyotangulia. Hakusema. Aliniambia baadaye alidhani ndivyo inavyouma mtu akipona, na tena asingeweza kulialia mbele ya wageni siku ya kuagana, mama kajitaabisha vile. Daktari akafika na watu wake. Akamshika mkono mama. Akamwekea mdogo wangu kipimajoto kwapani, kwapa lililokandwa maji sasa hivi. Akainama, akaiweka pua yake pale anapoiweka siku zote, akanusa, akainuka anatabasamu. Akasema kitu kwa haraka ambacho hakuna aliyekidaka, akainua kidole gumba. Akaenda kitanda cha pili.

Saa saba mchana nilipomaliza kazi yangu nilikwenda wodini. Basi la wageni lilikuwa limeshaondoka, mama amerudi nyumbani kupika. Mdogo wangu alikuwa amejikunyata chini ya shuka mbili na meno yanagongana, na nje jua la Dar es Salaam linaunguza bati.

"Dada, mie nasikia baridi," aliniambia.

Niliinama kumshika kipaji cha uso, na hapo ikanifikia. Makaa yalikuwa yamezimika zamani. Chini ya udi na marashi, ikipanda pole pole kutoka ndani ya plasta, ilikuwepo ile harufu niliyoijua kutoka nyumbani kwetu, ila sasa ilikuwa nzito zaidi na ina utamu unaotia kichefuchefu. Vidole vya mguu vilikuwa vimevimba. Nilivigusa akapiga kelele.

Nilikimbia kwa daktari wa pale, yule anayebaki wageni wakishaondoka. Alikuwa mtu mpole na alikuja mara moja, akanusa, akakunja uso. Lakini plasta hakutaka kuigusa. Alisema hiyo ni kazi ya wageni, yeye hajui wameweka nini ndani, akiifungua na mfupa ukaharibika atasemwa yeye. Msumeno wa kukatia wamekwenda nao. Nilimwambia kwamba yule daktari mkuu mwenyewe alisema ifunguliwe siku ile ile, nimeyatafsiri maneno hayo kwa mdomo wangu. Akaniambia aliyasema kwangu, hakuyasema kwake. Wapo uwanja wa ndege saa hizi, niwafuate, wakisema neno atafungua hapo hapo. Nilitamani kumpiga. Na siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Huko ndiko alikofundishwa kazi, kwamba cha mkubwa hakiguswi mpaka mkubwa aseme.

Nilichukua teksi bubu, Datsun mbovu ya jirani yetu, na nilimsihi aendeshe kama vile gari si lake. Tukafika Tazara tukakwama nyuma ya malori. Tukatoka hapo, tukafika mbele kidogo, injini ikachemka. Nilishuka nikakatiza Kiwalani kwa miguu, viatu mkononi, nikiruka mitaro na kamba za nguo, nikiuliza njia bila kusubiri jibu. Watu walidhani nafukuza mwizi, na wawili watatu wakanifuata kunisaidia. Ndege zilikuwa zinapita juu ya mapaa yale karibu kabisa na kila moja niliiona kuwa ndiyo yenyewe.

Uwanjani askari hakuniruhusu kupita. Nilimweleza, nikamsihi, nikamwita baba, akasema abiria wameshaitwa, na asiye na tiketi njia yake ni kule juu wanakoagia watu. Nikapanda ngazi. Kulikuwa na familia zimejaa pale zikipunga mikono. Nikapenya hadi mbele nikawaona, wote kwenye mstari, wanatembea juani kuelekea ndege, na yule mzee mrefu nyuma ya wenzake na mkoba wake begani.

Nilimwita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Aligeuka. Akaniona, na uso wake ukachanua. Siku zote zile mzee wa Kihindi alikuwa amewaeleza kwamba kwa mila za huku mgeni husindikizwa, na mwenye mapenzi zaidi ndiye hufika mbali zaidi. Akanipungia mikono yote miwili. Nikapiga kelele kwa Kiingereza kwamba mguu unanuka, unanuka, wafungue. Injini zilikuwa zinanguruma. Nikainua mguu wangu wa kulia nikaupiga kwa kiganja chini ya goti, nikaupiga tena na tena, nikionyesha. Akacheka, akatikisa kichwa kwamba kaelewa, akainua kidole gumba. Kisha akatoa kamera akanipiga picha.

Mpaka leo kuna nyumba huko kwao ambamo ipo picha yangu nikiwa nimeinua mguu mmoja na kulia, na nadhani wakiwaonyesha watu huwaambia huyu alikuja kutuaga.

Nilimkuta mzee wa Kihindi chini, anatafuta gari lake. Nilimwambia yote nikilia na kamasi zinanitoka. Hakuuliza mara mbili. Alinirudisha hospitali, akamwambia daktari lawama zote zitakuwa juu yake, na ndipo wakaanza kuilowesha ile plasta kwa maji na siki na kuikata kwa kisu, kidogo kidogo, kazi ya saa nzima. Mdogo wangu alikuwa ameuma ukingo wa mto. Ilipofunguka, nesi mmoja alitoka nje. Mimi nilibaki kwa sababu alikuwa amenishika mkono.

Hospitali kubwa tulimlaza kwenye godoro kwenye korido. Dawa tuliambiwa tukanunue wenyewe, na glavu, na uzi wa kushonea. Homa haikushuka. Madaktari walipokuja walitutazama kama watu waliokwisha kutuambia, na kweli walikwisha kutuambia. Walikata juu ya goti.

Mama alipoletewa habari hakupiga yowe. Aliketi sakafuni pale pale koridoni, akainamisha kichwa, akasema, "Wageni wamewahi ndege, wakamwacha mwanangu aoze." Aliyasema tena nyumbani, akawaambia majirani, akawaambia jamaa zetu wa Tabata waliokuja kutupa pole. Kila aliposema, mimi na mdogo wangu tulitazama pembeni. Nesi alikuwa ameshanisimulia habari ya chetezo, na mdogo wangu naye alikuwa na siku nyingi za kulala akifikiri.

Siku moja mama alipokuwa uani, mdogo wangu aliniita nikae karibu. "Dada, mama asijue kamwe," aliniambia. "Bora awachukie Wazungu. Akijua, atakufa, na sie tutamzika kwa ajili ya mguu."

Nilikubali, na ile siri ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Mama alimhudumia mwanawe kwa mikono ile ile, alimwosha kigutu, akampaka marashi, na kila nilipomwona anapuliza makaa ilinibidi nitoke nje. Kuna methali isemayo mficha maradhi kilio humfichua. Jirani mmoja aliisema sebuleni kwetu, akimsema mtu mwingine kabisa, nikamjibu vibaya sana, na mama akanigombeza kwa kukosa adabu. Mama hakuwa ameficha maradhi. Alimwandaa mwanawe apendeze mbele ya watu waliomtendea wema. Nilikuwa nikijiambia hivyo usiku na mchana na bado nilikuwa nikimkasirikia, kisha najichukia kwa kumkasirikia. Mdogo wangu hakutaka kutoka ndani. Nilimwona siku moja anakitazama kiatu chake cha kulia, kizima, hakijachakaa.

Mwaka uliofuata wageni walirudi. Mzee wa Kihindi alinifuata kuniletea salamu zao, nami nikaenda kutafsiri, maana watu wenye mifupa mibovu hawakuwa wamenikosea kitu. Yule daktari alikuwa ameshaandikiwa habari zetu. Siku ya kwanza tu aliomba apelekwe kwetu.

Mama alimpokea. Alimchukia mwaka mzima, lakini mgeni akishavuka kizingiti ni mgeni. Alimtandikia mkeka mpya, akamletea maji ya ukwaju. Daktari aliomba kukiona kigutu, mdogo wangu akapandisha kikoi, na mzee yule akakishika kwa mikono miwili akakaa hivyo. Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akanigeukia mimi akasema kwa taratibu, ili nisipoteze neno. Alisema asubuhi ile alinusa, na akanusa manukato tu, akadhani ni kwa ajili ya sherehe ya kuwaaga. Alitaka nimuulize mama kama alijua mguu unanuka alipoupaka manukato. Hamlaumu, alisema, ila lazima ajue, kwa sababu wodini wamelala watu wengine na kesho atawanusa.

Mdogo wangu alikuwa amejifunza Kiingereza cha bandarini. Nilimwona amekaza mikono juu ya magongo yake. Hakunitazama.

Mama alikuwa anasubiri. "Anasemaje?"

"Anasema pole sana."

"Maneno yote yale ni pole?"

"Ndiyo, mama. Kiingereza kina maneno mengi."

Mama alijitengeneza khanga mabegani. Alimtazama yule mzee aliyekuwa bado ameshika kigutu cha mwanawe, akamtazama kwa muda, na nikaona kitu fulani kinalegea usoni mwake kwa mara ya kwanza mwaka mzima.

"Mwambie nishapoa," alisema.

Nikamgeukia daktari. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba ndiyo, ulikuwa unanuka, na mama ndiye aliyeifunika harufu, na hajui alichokifanya, na asimwulize tena swali hilo maisha yake yote. Kuanzia kesho, nikamwambia, akikuta udi wodini, afungue plasta. Aliinamisha kichwa.

Mama akaniuliza kama nimemwambia. Nikasema nimemwambia.